Kabichi, Mchicha na Bango la Binti

Ukitaka kumkasirisha Mama Kabichi, usimtukane. Utajisumbua bure, maana matusi ya sokoni kayasikia yote, na mengine kayatunga mwenyewe. Wewe mwambie tu kwamba kabichi ni maji. Hapo utamwona anavyokaza kilemba, anavyoweka kisu chini polepole, na anavyoinua kabichi nzima kuileta mpaka puani pako. "Maji?" atakuuliza. "Haya shika! Shika uone kama kuna maji yenye uzito huu!"

Na kweli, ukiishika, mkono unashuka. Utafanya nini? Utalipa, utaondoka.

Alikuwa mwanamke mpana, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa, mwenye sauti ambayo sijui aliipatia wapi. Alipoanza kunadi asubuhi, wenye maduka ng'ambo ya barabara walijua wamechelewa kufungua. Meza yake ilikuwa ya kwanza ukiingia kwa lango kubwa la soko, na juu ya meza hiyo hukuti nyanya, hukuti kitunguu, hukuti hata ndimu moja ya kusingizia. Kabichi tu. Kila moja aliigonga kwa vifundo vya vidole, akaitegea sikio, ndipo akaamua ikae safu ya mbele au ya nyuma. Mteja mwenye haraka alikatiwa yake papo hapo, nyembamba kama nyuzi, mkono wa Mama Kabichi ukiwa kwenye kisu, macho kwa mteja, na mdomo kwenye habari za watu.

Yale majani ya nje, ya kijani kilichokoza, aliyang'oa yote na kuyatupa kwenye gunia chini ya meza, akampa bure jirani yake anayefuga sungura. "Hilo ni koti la kabichi," alikuwa akisema. "Nani kakuambia koti linaliwa?"

Meza ya pili ilikuwa ya shoga yake, mwembamba, mrefu, mwenye mdomo usiopata likizo. Soko zima lilimwita Chiriku, na mwenyewe alikubali jina hilo kwa sababu hakuwahi kunyamaza muda wa kutosha kulikataa. Chiriku aliuza mchicha. Aliufunga mafungu, akaupanga kwenye beseni, na kutwa nzima akawa anaunyunyizia maji kwa vidole ili jua lisimfilisi.

Hawa wawili waligombana kila siku ya Mungu. Watu walikuja kununua chumvi wakabaki kuwasikiliza.

"Wewe unauza majani yanayolala kabla ya mwenye kuyauza," Mama Kabichi alimwambia.

"Na wewe unauza mpira. Ongeza na goli, vijana wacheze."

Halafu jioni, wakati wa kufunga, Chiriku alimrushia mwenzake mafungu yaliyobaki, naye akatupiwa nusu kabichi, kila mtu akaenda kwake kupika. Hawakulipana wala hawakushukuriana. Ndiyo maana nyumba ya Mama Kabichi ilikula mchicha karibu kila usiku, jambo ambalo mwenyewe hakupenda litajwe hadharani.

Sasa, Mama Kabichi alikuwa na mtoto mmoja, binti. Huyo binti alilelewa chini ya ile meza. Alilala kwenye magunia matupu, akajifunza kuhesabu kwa kabichi, akaota meno kwa kutafuna kigogo cha kabichi. Alipoanza shule wenzake wakamwita Kabichi. Mwanzoni alicheka nao. Alipokuwa msichana, jina likaanza kumchoma. Siku moja Mama Kabichi alimwona kwa mbali akitoka shule na wenzake, wanakuja upande wa soko. Mama akainua mkono amwite. Binti akainamisha kichwa, akawaambia wenzake jambo fulani, wote wakageuka wakapita uchochoro wa nyuma, huku kwenye takataka na matope, ili tu wasipite mbele ya meza ya mama yake.

Mama Kabichi aliushusha mkono, akajifanya anakuna kilemba. Hakumwambia mtu, hata Chiriku. Lakini liliuma, tena liliuma sana, na lilikaa pale pale miaka yote.

Basi mtoto akasoma. Kabichi zilimsomesha mpaka chuo, akarudi afisa lishe, ana koti jeupe na kalamu mfukoni, akapangiwa zahanati iliyo karibu tu na soko. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ni kuja sokoni kuzungumza na akina mama, hasa wajawazito, kuhusu mboga za majani. Na ili watu waelewe vizuri, aliambiwa alinganishe mboga mbili zinazouzwa zaidi pale, waone kila moja ina nini ndani yake. Mganga mkuu wa zahanati, mgeni aliyehamia juzijuzi, angekuja mwenyewe kumsikiliza. Mambo yakienda vizuri, kazi ya kuzunguka masokoni na mashuleni inakuwa yake. Yakienda vibaya, anarudi kwenye chumba cha kupima watoto uzito, akapigwe mateke na vichanga.

Mboga zenyewe ni zipi? Kabichi na mchicha. Zingekuwa zipi tena?

Mama Kabichi aliposikia, hakutembea siku hiyo, alielea. Alimpitia muuza viazi, akampitia muuza dagaa, akawapitia wapagazi langoni. "Mwanangu anakuja na elimu," aliwatangazia. "Anakuja kuwaeleza watu kabichi ni kitu gani. Kuna watu hapa wataficha mabeseni yao."

Chiriku akamjibu kutoka mezani kwake, "Elimu haina mama, shoga. Inaweza ikakuumbua."

"Elimu ya mwanangu? Thubutu!"

"Tuweke dau basi."

Wakawekeana, mbele ya mashahidi, na dau lenyewe halikuwa fedha. Ambaye mboga yake ingeshindwa angehamia meza ya mwenzake siku hiyo hiyo, ainadi mboga ya mwenzake kwa mdomo wake mwenyewe mpaka jua la utosi. Muuza dagaa alicheka akakaa chini. Mama Kabichi alikubali bila kupepesa. Kwake yeye hesabu ilikuwa nyepesi: chakula ni uzito. Kabichi moja inashinda kwa uzito mafungu ya mchicha ya beseni zima. Kama kuna kitu ndani ya mboga, kitakuwa kwenye ile iliyo nzito, la sivyo kile kizito ni nini?

Jioni hiyo, nyumbani, binti alikuwa amepiga magoti sakafuni anapaka rangi bango lake. Mama alipita mara ya kwanza, akapita mara ya pili, mara ya tatu akasimama.

"Kabichi umeichora ndogo."

"Zote ziko sawa, mama."

"Kabichi hiyo ndiyo iliyokununulia hizo rangi."

Binti akaweka brashi chini. "Mama, nimesikia umeweka dau."

"Dogo tu."

"Kuhusu kazi yangu?"

"Kuhusu kabichi. Kazi yako imeingia kwa bahati mbaya." Kisha akalainisha sauti. "Mwanangu, mimi sisomi hizo namba zako. Wewe utajua tu namna ya kuzipanga. Mama yako asiaibike."

Binti akachukua tena brashi. Aliendelea kupaka rangi, lakini polepole, na mama akaenda kulala akiwa na hakika kwamba ushindi uko mfukoni.

Asubuhi watu walijaa. Wauzaji waliacha meza zao, wapagazi walipanda juu ya mikokoteni, na mbele kabisa, kwenye benchi, aliketi fundi cherehani wa kibanda cha pembeni, mjamzito wa miezi mingi, mkanda wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Huyu kliniki walikuwa wamemwambia damu yake iko chini, wakampa vidonge, wakamsisitizia chakula. Mganga mkuu alisimama pembeni, mikono nyuma, miwani puani, anatazama tu.

Binti alitundika bango kwenye msumari wa nguzo. Bango lilikuwa refu, amelikunja kama mkeka, analifungua kidogo kidogo kadiri anavyozungumza. Kushoto kabichi, kulia mchicha, na chini yake mistari ya rangi: mstari mrefu maana yake kingi, mfupi maana yake kidogo. Hata asiyejua kusoma angeelewa.

"Tuanze na maji," alisema. Sauti ilikuwa inatetemeka kidogo.

Mama Kabichi akakunja uso. Maji? Ya nini kuanza na maji?

"Ukichukua kabichi ukaigawa mafungu kumi, karibu mafungu tisa ni maji."

Soko lililipuka. Chiriku alipiga makofi, akazunguka mara mbili, akainua mikono juu. "Nimesema mimi! Miaka yote nasema!"

"Na mchicha," binti akaendelea, "ni hivyo hivyo. Karibu tisa kwa kumi."

Mikono ya Chiriku ilibaki hewani. "Hata mimi?"

"Hata wewe, mama mdogo."

Mama Kabichi alicheka mpaka akashika ubavu. Bango likashuka kidogo. Vitamini C: mistari miwili, urefu karibu sawa. Binti akaeleza kwamba vitamini hiyo haipendi moto mrefu, kwa hiyo kabichi, kwa kuwa inaweza kuliwa mbichi, inafika mdomoni na vitamini yake bado ipo. Mama Kabichi aligonga meza kwa ngumi, kabichi mbili zikabingirika. "Mmesikia? Inafika mdomoni!"

Kisha bango likakwama.

Halikukwama lenyewe. Binti alikuwa amelishika kwa mkono wa kulia, sehemu ya chini bado imekunjwa, na alikuwa anamtazama mama yake. Mama akamtabasamia na kumpungia kisu.

"Kwa jumla," akasema, "mboga zote mbili ni nzuri. Zinakaribiana sana. Kwa hiyo..."

"Samahani, dada," fundi cherehani akamkatiza kutoka kwenye benchi. "Mimi nataka kuuliza. Wameniambia damu ni pungufu. Nina hela ya mboga moja tu leo. Kati ya hizi mbili ninunue ipi?"

Watu wakanyamaza. Hata Chiriku alinyamaza, jambo ambalo wengi walikuwa hawajawahi kuliona.

Mkono wa kushoto wa binti ukapanda taratibu, ukashika ncha ya sikio, ukaanza kuivuta. "Kabichi nayo," akasema, "kabichi inafaa. Inafaa sana tu, kwa mjamzito."

Lo! Mama Kabichi alilijua lile sikio. Lilivutwa hivyo sukari ilipoisha kabla ya mwisho wa wiki. Lilivutwa hivyo kikombe kilipovunjwa na paka ambaye hawakuwa naye. Binti huyu tangu azaliwe hakuwahi kusema uongo akaliacha sikio lake salama.

Na dau, Mama Kabichi alikuwa amelishinda. Uso wa Chiriku ulikuwa umeshuka. Fundi cherehani alikuwa ameanza kuinuka, mkono mmoja kiunoni, mwingine unanyooka kuelekea ile kabichi kubwa ya safu ya mbele. Pale pale Mama Kabichi angeweza kucheka na soko zima lingecheka naye, na dau lingeisha hivyo.

Alimtazama fundi, akaliona tumbo lake. Akamtazama mwanawe, akiwa na koti jeupe na lile sikio limekuwa jekundu, anadanganya watu siku yake ya kwanza ya kazi kwa ajili yake yeye. Moyo ulimuuma kuliko siku ile ya uchochoroni. Siku ile mtoto alimwonea aibu, basi, watoto ni watoto. Leo mtoto alikuwa anamwonea huruma, na kwa huruma hiyo alikuwa tayari kujiharibia.

Akapiga mpini wa kisu mezani, paa!

"Wewe binti! Toa mkono sikioni!"

Binti akaushusha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Hilo bango lina mwisho au halina?"

"Lina... lina mwisho, mama."

"Sasa umelikunja la nini? Hii ni nguo ya ndani? Fungua mpaka chini, msomee mgonjwa wako kama ulivyosomeshwa. Sikuuza kabichi miaka yote hiyo ili uje kunidanganyia watu."

Binti alifuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akaachia bango, likafunguka lote, likagonga sakafu.

Hapakuhitajika maelezo. Mistari ya kulia ilikuwa mirefu, ya kushoto mifupi kama mikia ya sungura. Binti alisoma hata hivyo, na safari hii sauti haikutetemeka. Madini ya chuma, yanayosaidia kutengeneza damu: mchicha unayo kama mara tano ya kabichi. Madini ya chokaa, ya mifupa: vivyo hivyo, kama mara tano. Vitamini A: mchicha umeiacha kabichi mbali. Akamgeukia fundi. "Dada, nisamehe. Nunua mchicha. Usiuchemshe ukamwaga maji yake. Upike muda mfupi, ukamulie ndimu, mwili utachukua chuma vizuri zaidi. Na vidonge vya kliniki usiviache, mboga haishiki nafasi ya dawa."

Akawageukia wengine, akaongeza, "Na nyinyi mnaonunua kabichi, msiache. Inajaza, inakaa siku nyingi bila kuharibika. Ila yale majani ya nje, ya kijani, ndiyo yenye vitamini nyingi kuliko huku ndani kweupe. Yaosheni, yaleni."

Soko zima, kama lililoamrishwa, liligeuka kutazama gunia lililo chini ya meza ya Mama Kabichi.

"Jamani," Mama Kabichi akasema kwa sauti ndogo, "ndiyo maana wale sungura hawaugui."

Walicheka mpaka mganga mkuu akavua miwani aifute. Chiriku alikuja akamshika mwenzake bega. "Shoga, yaishe. Dau lilikuwa mzaha tu."

"Mzaha wa nani?" Mama Kabichi akajikung'uta kanga, akakaza kilemba. "Mimi sijawahi kula dau la mtu wala kulikimbia. Nipishe."

Akazunguka meza, akasimama nyuma ya beseni la mchicha. Akachovya vidole, akanyunyiza. Akachukua mafungu mawili, akayainua juu, akavuta pumzi. Ng'ambo ya barabara muuza simu alitoa kichwa dirishani.

"Mchichaaa! Chuma hicho, akina mama, chuma cha kutafuna! Mara tano ya kabichi, na anayewaambia ni mwenye kabichi! Njoo mwenye mimba, njoo mwenye mtoto, njoo hata wewe baba usiye na chochote! Usiumwage maji yake, utamwaga hela yako! Ndimu iko pale kwa yule kaka!"

Waliuvamia. Fundi cherehani alipewa fungu la kwanza, na la pili akasukumiwa mfukoni kwa nguvu. Chiriku hakuwa na kazi ila kupokea na kushangaa, maana tangu aanze biashara mchicha wake haujawahi kunadiwa hivyo, na kila alipotaka kusema neno alikuta limeshasemwa kwa sauti kubwa zaidi. Wengine waliomaliza kununua walihamia meza ya kwanza kutafuta kabichi zenye koti lake. Hazikuwepo, makoti yalikuwa kwenye gunia. Wakanunua hivyo hivyo, wakaomba majani kutoka kwenye gunia.

Mganga mkuu alisogea karibu na binti, aliyekuwa anakunja bango. Alikuwa akimtazama yule mwanamke mwenye mafungu hewani kama mtu anayetazama mvua kubwa.

"Umefanya vizuri," alimwambia, "ingawa mwanzo ulinitia wasiwasi. Jumatatu uende shule ya jirani na bango hilo hilo. Lakini hebu niambie. Yule mama aliyekukemea mbele ya watu wote, ambaye anauza kabichi na ananadi mchicha, ni nani yule?"

Wapo watu waliomjua binti huyo tangu alipokuwa analala kwenye magunia, na walisikia swali. Muuza dagaa alisikia. Mama Kabichi mwenyewe alisikia, ingawa aliendelea kunadi, na bila kutaka akajikuta amelitupia jicho lile lango la nyuma linaloelekea uchochoroni.

Binti akanyoosha koti lake. Sauti, kumbe, na yeye alikuwa nayo. Alikuwa hajawahi kuitumia tu.

"Yule ni mama yangu!" alisema, na wenye maduka ng'ambo walimsikia. "Tangu shule wananiita Kabichi. Mimi ni mtoto wa meza ile!"

Mama Kabichi alikuwa ameinua mafungu mawili, mdomo wazi, amefika katikati ya neno mchicha. Alijaribu kulimalizia. Akavuta pumzi, akajaribu tena, akakohoa, akapangusa uso kwa fungu moja mpaka shavu likalowa.

"Haya nadi, shoga," Chiriku akamhimiza. "Jua bado halijafika utosini."

Mama Kabichi akatikisa kichwa. Akamkabidhi mafungu yake, akamwonyesha kwa mkono kwamba anadi yeye, maana sauti haikuwepo.